Jogoo la Shamba Lililowika Mjini



Wahenga walisema, jogoo la shamba haliwiki mjini. Maana yake tunaijua. Mtu wa kijijini akifika mjini hunyamaza. Anaogopa kuchekwa. Anaona kwamba aliyotoka nayo kwao hayana thamani mbele ya watu wa mjini.

Palikuwa na mwanamuziki mmoja aliyetoa wimbo wenye jina hilo, Jogoo la Shamba. Jina lake ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Yeye mwenyewe alizaliwa kijijini. Lakini aliwika Morogoro mjini, akawika Dar es Salaam, akawika Nairobi, na mwaka 1970 akaenda kuwika hata Japani. Methali ilimshindwa.

Hapa Lumemo na Ifakara nzima, wazee wengi bado wanazijua nyimbo zake. Vijana nao wanazo kwenye simu. Lakini mazungumzo ya muziki yakianza, ubishi hauishi. Wapo wanaosema muziki wa gitaa ni mambo ya kuja, na kwamba muziki wetu ni ngoma peke yake. Wapo vijana wanaosema ngoma ni mambo ya kizamani, tuwaachie mabibi. Kila upande unavuta kwake. Na wakati tunavutana, nyimbo zinapotea, maana wanaozijua wanaondoka mmoja mmoja.

Basi katika makala hii tutaeleza kazi ya Mbaraka. Tutaona alichanganya nini na nini. Mwisho tutarudi kwenye ubishi wetu, tuone kama kazi yake inatupa jibu.

ALIKOTOKA

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, mahali panapoitwa Mzenga. Mzenga iko Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Siyo mbali nasi kwa njia ya reli. Reli ya TAZARA inayopita hapa Ifakara inapita pia Mzenga kabla ya kufika Dar es Salaam. Tena wakati anazaliwa, Kisarawe, Morogoro na Ulanga, pamoja na bonde letu la Kilombero, zote zilikuwa katika jimbo moja. Liliitwa Jimbo la Mashariki. Kwa hiyo tukisema ni mtu wa kwetu, hatusemi uongo.

Sifa yake aliipatia mjini Morogoro. Mji huo wakati ule ulikuwa na bendi mbili kubwa. Moja ni Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Ya pili ni Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah. Bendi hizi zilishindana kama timu za mpira zinavyoshindana. Kila moja ilikuwa na wapenzi wake, na mtu wa upande huu hakukubali kusifia upande ule.

Salum Abdallah alifariki mwaka 1965. Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Katika miaka hiyohiyo ya kati ya 1960, kijana Mbaraka aliingia Morogoro Jazz. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Haikupita miaka mingi, akawa ndiye nguzo ya bendi. Alipiga gitaa la solo, alitunga, na aliimba. Kazi tatu kwa mtu mmoja.

KWA NINI ZILIITWA "JAZZ"?

Hapa tueleze jambo linalowachanganya watu. Muziki wa jazz ni muziki wa watu weusi wa Marekani. Lakini Morogoro Jazz haikupiga muziki huo. Wala Tabora Jazz, wala Western Jazz, wala Kilwa Jazz. Kwa watu wa wakati ule neno jazz lilikuwa na maana ya bendi ya dansi tu, bendi yenye magitaa na tarumbeta.

Muziki wenyewe tuliuita dansi. Ndani ya dansi mlikuwa na rumba, cha-cha, bolero na twist. Majina haya ni ya kigeni. Sasa msomaji atauliza, muziki wa kigeni ulifikaje Morogoro? Jibu lake ni safari ndefu ya kwenda na kurudi.

MUZIKI ULIOKWENDA NA KURUDI

Zamani za utumwa, Waafrika wengi walichukuliwa kwa nguvu na kupelekwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wengi walipelekwa kisiwa cha Cuba kulima miwa. Miongoni mwao walikuwamo watu kutoka nchi ya Kongo. Walinyang'anywa nyumba, watoto na hata majina yao. Lakini midundo ya ngoma ilikuwa kichwani, na kichwa hakinyang'anyiki. Huko Cuba midundo hiyo ilikutana na gitaa la Wahispania. Vikachanganyika. Ukazaliwa muziki mpya. Utumwa ulikomeshwa Cuba mwaka 1886, na muziki ule ukaendelea kukua.

Kisha muziki ukaanza safari ya kurudi. Kuanzia mwaka 1933, kampuni moja ya santuri ilianza kuuza Afrika santuri za Cuba zilizoandikwa herufi GV. Zilipigwa kwenye gramafoni, mashine ile ya kuzungusha kwa mkono. Watu wa Kongo walizisikia wakashtuka. Maneno hawakuyaelewa, lakini mdundo waliutambua. Ni kama mtu aliyepotea utotoni akarudi mzee: lugha amesahau, lakini sura ni ya ukoo.

Wakongo wakaanza kuupiga wenyewe kwa lugha zao. Huko Katanga, mwaka 1952, mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa mjini Jadotville, ambao siku hizi unaitwa Likasi. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, akipiga gitaa moja kwa vidole kana kwamba wapo wapigaji wawili. Santuri za Kongo zikaja Tanganyika. Redio nazo zikazisambaza.

Huku kwetu bendi zilichukua muziki huo, lakini hazikuuacha kama ulivyokuja. Jina lenyewe la Cuban Marimba linaonyesha hivyo. Cuban ni ya Cuba. Marimba ni yetu, tunayajua. Majina mawili yamefungwa katika kamba moja.

MITINDO

Kila bendi ilijichagulia mtindo wake. Mtindo ni namna bendi inavyopiga na watu wanavyocheza, na mtindo ulipewa jina ili usichanganywe na wa bendi nyingine. Western Jazz walikuwa na Saboso. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, walikuwa na Msondo. Baadaye, Mlimani Park Orchestra iliyoanza mwaka 1978 ilikuja na Sikinde.

Angalia majina hayo mawili ya mwisho, msondo na sikinde. Ni majina ya ngoma za Uzaramo. Bendi za mjini, zenye magitaa ya umeme, zilikwenda kuchukua majina na midundo kwenye ngoma za vijijini. Hazikuona aibu.

Mbaraka naye alikuwa na mitindo. Akiwa Morogoro Jazz, mmoja uliitwa Likembe. Likembe ni jina la Kikongo la marimba ya mkono, ile yenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Ndugu zetu Wagogo wanaiita ilimba. Baadaye, katika bendi yake mwenyewe, mtindo ulikuwa Masika. Hilo jina halihitaji maelezo kwa mtu wa Kilombero. Masika tunayajua, na Mto Lumemo ukijaa tunayajua zaidi.

JINSI MAGITAA YANAVYOSHIRIKIANA

Sasa tueleze kazi yenyewe. Bendi kama ya Mbaraka ilikuwa na magitaa matatu au zaidi, na kila gitaa lilikuwa na kazi yake.

Fikiria wanawake watatu wanaotwanga mpunga katika kinu kimoja. Kuna michi mitatu. Kila mchi unashuka kwa wakati wake. Ikishuka miwili pamoja, itagongana na mpunga utamwagika. Lakini kila mmoja akishika nafasi yake, kinu chenyewe kinaimba. Ukiwa mbali husikii michi mitatu. Unasikia mdundo mmoja.

Ndivyo magitaa yanavyofanya. Gitaa la rithimu linarudia sauti chache bila kuchoka, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Gitaa la besi lina sauti nene, nalo ndilo linalobeba uzito wote, kama ngoma kubwa. Gitaa la solo lina sauti nyembamba. Hilo ndilo linalozungumza. Linamjibu mwimbaji, linamchokoza, linachukua maneno yake na kuyasema tena bila mdomo.

Nyuma ya magitaa kulikuwa na tumba, yaani ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja, na manyanga ya kutikisa. Mbele kulikuwa na saksafoni, ambayo watu wetu waliipa jina la mdomo wa bata kwa jinsi ilivyopinda.

Mbaraka alisifika kwa solo. Sauti ya gitaa lake ilikuwa safi, kila uzi ukisikika peke yake. Hakukimbia ovyo. Alichukua kifungu kidogo cha muziki akakirudia, kisha akakigeuza kidogo, akakirudia tena, akakigeuza tena. Mpiga ngoma hodari wa kijijini hufanya vivyo hivyo. Anashika mdundo mmoja hadi wachezaji wameuingia, ndipo anapoubadilisha kidogo na uwanja mzima unapiga kelele.

Nyimbo zake nyingi zilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya polepole. Hapo mwimbaji anasimulia, na watu wanasikiliza maneno. Sehemu ya pili ni ya kuchemka. Maneno yanapungua, magitaa yanashika kazi, na watu wanacheza. Mpangilio huo ulifaa pia kwa santuri ndogo za wakati ule. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu au nne tu. Kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, machezo upande wa pili. Wenye gramafoni wanakumbuka. Ilibidi uinuke ugeuze santuri katikati ya raha.

MANENO YA WIMBO

Tusiseme juu ya gitaa tu. Maneno ya Mbaraka yalikuwa na uzito wake. Aliimba kwa Kiswahili chepesi, kama mtu anayeongea na jirani. Aliimba juu ya mapenzi na juu ya maisha magumu. Mojawapo ya nyimbo zake zinazojulikana sana inaitwa Shida. Kwa kusikia jina tu kila mtu anajua kwamba inamhusu.

Aliimba pia habari za nchi. Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dr. Wilbert Kleruu, aliuawa. Tukio hilo lilitikisa nchi nzima. Morogoro Jazz ilitoa wimbo wa maombolezo wenye jina lake, Dr. Kleruu. Wakati huo watu wazima wengi vijijini walikuwa hawajajua kusoma. Gazeti kwao lilikuwa karatasi ya kufungia chumvi. Habari waliipata kwa masikio, na wimbo uliishika habari hiyo isipeperuke.

Hapo napo hakuna ugeni. Ngoma zetu tangu zamani zinasema habari. Mwanzishaji anaimba mambo yaliyotokea, waitikiaji wanamjibu. Mvivu anasemwa, mchoyo anasemwa, marehemu analiliwa. Mbaraka aliichukua kazi hiyo ya mwanzishaji na kuipeleka kwenye kipaza sauti.

JAPANI, NA BENDI YAKE MWENYEWE

Mwaka 1970 mji wa Osaka, nchini Japani, ulifanya maonyesho makubwa ya dunia. Yaliitwa Expo 70. Nchi nyingi zilipeleka bidhaa zao na sanaa zao. Tanzania nayo ilikwenda, na bendi iliyochaguliwa kupiga muziki ilikuwa Morogoro Jazz. Hebu fikiria. Nchi ilitaka kujionyesha mbele ya dunia, na sauti iliyopelekwa ilikuwa ya bendi ya Morogoro. Waliporudi, safari hiyo nayo ikatungiwa wimbo, ukaitwa Expo 70.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz. Akaunda bendi yake, Super Volcano. Volcano ni mlima unaotoa moto. Ndilo jina alilopenda. Akiwa kiongozi, alikuwa na uhuru wa kurefusha nyimbo na kulipa gitaa lake nafasi zaidi. Nyimbo za miaka hiyo zinapigwa mpaka leo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Lakini nyimbo hazikuhitaji pasi. Wakenya walimpenda Mbaraka kama mtu wao. Na huko Kenya ndiko alikofia. Mwezi wa Januari 1979, mjini Mombasa, alipata ajali ya gari akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu.

Baada ya kifo chake, santuri zake zilikusanywa na kutolewa tena nchini Kenya kwa jina la Ukumbusho, toleo baada ya toleo.

SANTURI ZILICHAPWA WAPI?

Msomaji anaweza kushangaa. Mwanamuziki ni wa Tanzania, kwa nini santuri zitoke Kenya?

Sababu yake ni hii. Katika miaka hiyo nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kinachofanya kazi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwenye kanda, na kanda hizo zilipigwa redioni. Ndivyo tulivyozisikia huku bondeni, kwa redio za betri, jioni baada ya shamba. Kanda hizo za Radio Tanzania zikawa akiba kubwa ya sauti za taifa. Lakini mwanamuziki aliyetaka nyimbo zake zichapwe kwenye santuri ilibidi azipeleke Nairobi, kwenye kampuni kubwa. Huko ndiko zilikochapwa santuri za Mbaraka, zenye nembo ya Polydor.

Hapa kuna fundisho kwetu sisi wenye elimu ya kisomo. Kampuni na mwanamuziki hufungwa na mkataba. Mkataba ni karatasi. Asiyesoma anaweka dole gumba tu, na baadaye anaambiwa, "Ulikubali mwenyewe." Wimbo ni mali kama shamba. Mpunga ukivunwa unaisha. Wimbo unavunwa kila siku, na hata mtungaji akifa mavuno yanaendelea.

Ndiyo maana kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilisema kwamba wimbo ni mali ya mtungaji maisha yake yote, na baada ya kufa kwake ni mali ya warithi kwa miaka 50. Kwa hesabu hiyo, nyimbo za mtu aliyefariki mwaka 1979 zinalindwa hadi mwaka 2029. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, ambako watungaji hujiandikisha. Sheria hiyo inataja pia sanaa za jadi, yaani nyimbo na ngoma ambazo mtungaji wake hajulikani kwa kuwa ni za jamii nzima.

JE, MUZIKI HUU NI WETU?

Sasa turudi kwenye ubishi.

Mwezi wa Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alizungumza Bungeni juu ya utamaduni. Alisikitika kwamba watu wengi walijifunza kucheza dansi za kigeni, kama rumba na twist, na huku ni wachache waliojua kucheza, au hata waliowahi kusikia, ngoma za nchi yao wenyewe. Akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Lakini katika hotuba hiyohiyo alieleza pia kwamba kukuza utamaduni wetu siyo kukataa mila za wengine. Taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga. Ila kujifunza kwa wengine kusitufanye tuache vya kwetu.

Tukiipima kazi ya Mbaraka kwa maneno hayo, tunaona amefaulu. Gitaa la umeme siyo letu. Mdundo wa rumba ulizunguka Cuba na Kongo kabla ya kutufikia. Lakini lugha ni yetu, habari ni zetu, namna ya kuanzisha na kuitikia ni yetu, na namna ya kurudia mdundo hadi uwanja uchemke ni yetu. Mahindi nayo yalitoka Amerika. Leo nani atasema ugali ni chakula cha wageni? Tuliyapokea mahindi, tukayalima kwa jembe letu, tukayasaga, tukayapika kwa namna yetu.

Kwa hiyo anayesema gitaa ni mambo ya kuja, hajakosea. Amesahau tu kwamba mgeni akikaa, akalima, akaoa, huwa mwenyeji.

Lakini na kijana anayesema ngoma ni za kizamani, naye tumjibu. Mchanganyiko unahitaji vitu viwili. Ukiwa na kimoja tu, utachanganya na nini? Bendi za zamani zilipata Msondo na Sikinde kwa kuwa ngoma hizo zilikuwa hai, zinachezwa, watu wanazijua. Hapa kwetu Kilombero na Ulanga tuna sangula. Tuna nyimbo za kupalilia, za kuvuna, za kupiga kasia mtoni, za harusi, za msiba na za kubembeleza watoto. Sasa mtoto wa Lumemo akishika gitaa au kinanda miaka kumi ijayo, akitaka kuchota kwenye kisima cha kwao, atakuta maji? Au atakuta kisima kimefukiwa?

TUFANYE NINI?

Nyimbo za Mbaraka hazikupotea kwa sababu zilirekodiwa. Nyimbo za bibi yako hazikurekodiwa. Ziko kichwani mwake tu. Lakini wewe, ndugu msomaji, unajua kuandika. Kalamu yako ni mashine ya kurekodi isiyohitaji umeme. Fanya hivi:

1. Tafuta daftari moja. Lifanye la nyimbo tu. Usichanganye na hesabu za dukani.

2. Nenda kwa mzee anayejua nyimbo. Mwombe ruhusa kwanza. Nyimbo za jando na unyago zina miiko yake. Kama akikuambia wimbo huu hauandikwi, usiandike.

3. Andika jina la wimbo, lugha yake, na jina la aliyekuimbia. Andika mwaka na kijiji.

4. Andika wimbo huo huimbwa lini. Ni wa kupalilia? Wa harusi? Wa kilio?

5. Andika maneno ya mwanzishaji kwenye mstari wake, na maneno ya waitikiaji kwenye mstari wao. Yaandike kwa lugha ileile uliyoisikia, iwe Kindamba, Kimbunga au Kipogoro. Usiyatengeneze. Halafu andika maana yake kwa Kiswahili.

6. Andika ngoma zinazopigwa ni ngapi na zinaitwaje, na nani huanza.

7. Msomee mzee ulichoandika. Akisahihisha, sahihisha.

8. Mwenye simu arekodi sauti pia. Lakini asiache kuandika. Simu huibwa, na huanguka mtoni. Tena simu itakupa sauti, lakini haitakuambia maana.

Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji jioni chache na heshima kwa wazee. Tukipata daftari moja kila kitongoji, bonde lote litakuwa na akiba ya kutosha. Akiba hiyo siyo ya kufungia sandukuni. Ni mbegu. Na mbegu huwekwa ghalani ili msimu ukifika, apatikane wa kuipanda.

MAANA YA MANENO

Hakimiliki: haki ya mtungaji juu ya kazi aliyoitunga.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Mtindo: namna bendi inavyopiga na watu wanavyocheza.
Mwanzishaji: anayeanza wimbo kabla ya wengine kuitikia.
Santuri: sahani nyeusi ya kupigia muziki kwenye gramafoni.
Solo: gitaa lenye sauti nyembamba linalotangulia mengine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Kwa nini bendi ya Morogoro Jazz iliitwa jazz wakati haikupiga muziki wa jazz?
3. Eleza kazi ya gitaa la rithimu, la besi na la solo. Zinafananaje na michi katika kinu kimoja?
4. Kwa nini santuri za Mbaraka zilichapwa Nairobi?
5. Taja vitu viwili ulivyonavyo nyumbani ambavyo asili yake ni ugenini, lakini leo unavihesabu kuwa vyako.
6. Je, ni nyimbo gani katika kitongoji chenu zinajulikana na wazee watatu tu au pungufu? Nani atakwenda kuziandika, na lini?